Kumwandikia Asiyeiona Zana

Mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka maboma ya Iguhu, Kaunti ya Kakamega, hubeba mkoba wenye vitu vya kuonekana: kipimajoto, mizani, mashine ya kupima shinikizo la damu, simu ya kazi. Ndani ya boksi la vipimo vya malaria mna kitu kingine, karatasi yenye michoro na sentensi fupifupi. Hakuna anayeipiga picha, wala hakuna kiongozi anayeikabidhi kwa hotuba. Lakini ukitaka kujua kama kipimo cha leo kitasema kweli, karatasi hiyo ina uzito sawa na kifaa chenyewe.

Makala hii inaisifu kazi ya watu wanaoandika karatasi za namna hiyo, pamoja na kazi changa inayofanana nayo sana: kuandika maelezo ya zana zinazotumiwa na mawakala wa akili unde. Kazi zote mbili zina sharti moja. Mwandishi anamwandikia msomaji ambaye hakuwepo zana ilipotengenezwa, hatamwona fundi wake, na hatapata nafasi ya kumuuliza.

Tuanze na ile kongwe. Iguhu imo katika eneobunge la Ikolomani, kwenye nyanda za juu ambako Mto Yala unapita kati ya vilima, kiasi cha mita 1,430 hadi 1,580 juu ya usawa wa bahari. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wa Marekani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, wameitumia Iguhu kuichunguza malaria ya nyanda za juu. Mwaka 2006 kundi lililoongozwa na Andrew Githeko lilichapisha utafiti unaoonyesha jinsi sura ya ardhi inavyougawa ugonjwa huu. Bondeni karibu na mto, ambako maji hutuama na vinamasi vimegeuzwa mashamba, mbu huzaana kwa wingi na watu huambukizwa zaidi. Ukipanda mlima, hatari hupungua. Kwa hiyo watoto wawili wa kijiji kimoja wanaweza kuwa na homa siku moja, mmoja ana malaria na mwenzake hana, na mkono kwenye paji la uso hauwezi kuwatofautisha. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Ndiyo sababu pia upimaji umetoka maabara ya hospitali na, kwa kipimo cha haraka, ukaingia mikononi mwa jirani aliyepewa mafunzo.

Hapo ndipo maandishi yanapopata kazi. Chukua mwongozo mzuri wa kipimo hicho uusome polepole, kama mtu anayechunguza mshono wa nguo. Hausemi tu kwamba utoboe kidole. Unasema kidole cha nne cha mkono wa kushoto, na kama mgonjwa hutumia mkono wa kushoto, basi cha mkono wa kulia. Hausemi tu kwamba ukisafishe kwa spiriti. Unaongeza kwamba ukiache kikauke kabla ya kutoboa. Hauridhiki na kusema uweke damu. Unakuonyesha damu inaingia tundu lipi, kiasi gani, na matone mangapi ya kimiminika yanaingia tundu la pili. Idadi ya matone hutofautiana kati ya chapa na chapa, kwa hiyo mwongozo wa boksi hili si wa boksi lile. Hauthubutu kusema usubiri kidogo. Unataja dakika, kwa aina nyingi 15, na unataja pia muda ambao ukipita hupaswi tena kuyasoma majibu.

Kisha inakuja sehemu ambayo mimi huiona kuwa kilele cha ufundi huo. Kipimo kina mistari miwili: C, unaoonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, na T, wa majibu. Mwandishi mvivu angeeleza mambo mawili: mistari miwili ni malaria, mmoja si malaria. Mwandishi hodari anaeleza yote manne yanayoweza kutokea. Mistari yote miwili ikionekana, majibu ni chanya, hata kama ule wa T ni hafifu kama alama ya penseli iliyofutwa. C ukionekana peke yake, majibu ni hasi. Kusipotokea mstari wowote, kipimo hakifai. Na T ukitokea peke yake bila C, kipimo vilevile hakifai, tupa uanze upya. Hali hii ya nne ni nadra, na ndiyo inayoweza kumpotosha mtu aliyekwishajifunza kwamba mstari wa T ni malaria. Aliyeandika sentensi hiyo alikaa akafikiria njia ambazo kifaa chake kinaweza kudanganya, akazitangaza mwenyewe.

Je, maneno hayo yana faida inayoweza kupimwa? Mwaka 2007 watafiti walichapisha kazi iliyofanywa Ufilipino na Laos kuhusu jinsi uwazi wa maagizo yaliyoandikwa unavyoathiri utendaji wa wahudumu wa afya wanaotumia vipimo hivi. Mwaka uliofuata Steven Harvey na wenzake wakatoa matokeo ya Zambia. Waliwagawa wahudumu wa jamii makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa maagizo ya kiwandani yaliyomo ndani ya boksi, basi. La pili lilipewa mwongozo uliobuniwa upya kwa michoro na maneno machache yaliyojaribiwa. La tatu lilipewa mwongozo huo pamoja na mafunzo mafupi. Kundi la kwanza lilifanya kwa usahihi asilimia 57 ya hatua zinazotakiwa, la pili asilimia 80, la tatu asilimia 92. Tazama pengo kati ya 57 na 80. Kipimo ni kilekile na wahudumu ni wa aina ileile. Kilichobadilika ni karatasi.

Sasa amekuja msomaji mpya. Wakala wa akili unde ni programu inayotumia modeli kubwa ya lugha kufanya kazi badala ya kujibu maswali tu. Ukimwambia apange miadi, atafute bei au atume ombi la malipo, huchagua zana ya kutumia, hujaza taarifa inazohitaji, husoma jibu, kisha huamua hatua inayofuata. Zana hapa ni kipande cha programu kilichoandikwa na mtu mwingine. Mwezi Juni 2023 kampuni ya OpenAI iliwawezesha wasanidi programu kuzieleza zana zao kwa modeli zake kwa mpangilio maalumu. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ikatoa Model Context Protocol, utaratibu wa wazi unaowezesha zana moja kutumiwa na mawakala wa kampuni mbalimbali.

Ajabu ya mpango huu ni uchache wa kile ambacho wakala hukiona. Haoni msimbo ulio ndani ya zana. Haoni mchoro wa mfumo wala barua pepe ambazo mafundi waliandikiana wakibishana kuhusu jambo fulani. Anapewa jina la zana, aya ya maelezo, na orodha ya nafasi za kujaza, kila nafasi na maelezo yake. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Huyu hana macho, kwa hiyo kila kitu anaambiwa, na kisichoandikwa hakipo. Akikosa jambo, mara nyingi hatasimama aulize. Atajaza pengo kwa kile kinachoelekea kufanana na ukweli, na atalijaza kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Ni kama kumtuma mtoto dukani akalete unga. Mzazi anajua ni unga wa ugali, wa kilo mbili, na kwamba ukikosekana arudi na pesa. Mtoto amebeba neno moja tu, unga, na atarudi na wa chapati akiwa na furaha tele.

Tuone ufundi wenyewe kwenye zana ambayo Wakenya wengi wameigusa bila kujua. Mwaka 2017 kampuni ya simu ya Safaricom ilifungua Daraja, mlango ambao programu za watu wengine hupitia ili kuzungumza na M-Pesa. Huduma yake inayojulikana zaidi hutuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja: dirisha linatokea, mteja anaweka nambari yake ya siri, pesa zinahama. Tuseme muuza mbolea wa soko la Iguhu anataka msaidizi wa akili unde atakayejibu ujumbe wa wateja, kutaja bei na kuomba malipo. Msanidi wake anaandika zana, na kwenye nafasi ya maelezo anaweka maneno manne: Hutuma ombi la M-Pesa. Sentensi hiyo ni ya kweli kabisa, na haimsaidii wakala hata kidogo.

Fundi anayejua kazi yake angeandika hivi:

"Hutuma ombi la malipo ya M-Pesa kwenye simu ya mteja, naye hulikubali kwa kuweka nambari yake ya siri. Itumie tu baada ya mteja kukubali bei katika mazungumzo haya. Usiitumie kurudisha pesa wala kuangalia kama malipo ya awali yaliingia. Nambari ya simu iwe na tarakimu 12 zinazoanza na 254, bila alama ya kujumlisha. Mteja akiandika nambari inayoanza na 07 au 01, ondoa sifuri ya mwanzo, weka 254. Kiasi kiwe shilingi kamili, bila senti. Rejeleo la malipo lisizidi herufi 12, kwa mfano MBOLEA-DAP. Jibu la kwamba ombi limepokelewa halimaanishi kwamba mteja amelipa. Kabla ya kusema malipo yamekamilika, tumia zana ya angalia_malipo. Mteja akilikataa ombi, usitume jingine mpaka aombe mwenyewe."

Aya hii inastahili kusomwa kama ule mwongozo wa kipimo. Sentensi ya kwanza inaeleza kinachotokea duniani, upande wa mteja, badala ya kueleza kinachotokea ndani ya kompyuta. Wakala akijua kwamba kuna mtu upande wa pili atakayeshtuliwa na dirisha kwenye simu yake, ana msingi wa kuamua mambo ambayo maelezo hayakuyataja. Sentensi ya pili inataja wakati wa kuitumia zana, na ya tatu inataja wakati wa kutoitumia. Hii ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi. Mtengenezaji hupenda kusifu chake, na kuandika kisichowezekana kunafanana na kukiri upungufu. Kwa wakala mwenye zana kumi mezani, mpaka wa kila zana ni habari yenye thamani sawa na uwezo wake.

Kisha tazama suala la nambari ya simu. Daraja hutaka mtindo wa 254, lakini kwa kawaida Mkenya hamtajii mwenzake nambari yake akianza na 254. Maelezo yanajenga kivuko kati ya namna watu wanavyosema na namna mashine inavyotaka, na yanajenga kwa kanuni inayofuatika. Tazama pia uangalifu wa kutaja 01. Nambari za Safaricom zinazoanza na 011 zilianza kutolewa mwaka 2019. Maelezo yaliyoandikwa kabla ya hapo, yakisema nambari lazima ianze na 2547, yalikuwa sahihi siku ile na baadaye yakawa ukuta unaowafungia nje wateja halali. Maelezo hukomaa na huzeeka. Fundi wa kweli huyarudia kila zana au mazingira yake yanapobadilika, kama vile mhudumu wa afya anavyosoma upya karatasi kila boksi la chapa mpya linapofika.

Sentensi kuhusu jibu ndiyo inayookoa biashara. Ombi linapotumwa, mfumo hujibu papo hapo kwamba limepokelewa, na jibu hilo hubeba alama ya 0, ambayo kwa desturi ya programu huashiria mafanikio. Lakini wakati huo mteja huenda bado anatafuta simu yake. Matokeo ya kweli hufika baadaye kwa njia nyingine: 0 kama amelipa, 1 kama salio halitoshi, 1032 kama amelikataa ombi, 1037 kama simu yake haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Wakala asiyeambiwa hayo ataona ile 0 ya kwanza na kumwandikia muuza mbolea kwamba pesa zimeingia. Gunia litabebwa, pesa hazitakuwapo. Hapa mwandishi amefanya alichofanya yule wa kipimo cha malaria: ametaja dalili inayofanana na mafanikio ilhali si mafanikio.

Kuna ustadi mwingine usioonekana kwa sababu uko kwenye kilichoachwa. Daraja hudai kuambiwa kama malipo yanakwenda kwenye Paybill au kwenye Till, aina mbili za akaunti za biashara za M-Pesa, na kila moja ina maneno yake rasmi. Muuza mbolea wetu ana Till moja tu. Msanidi mwenye busara huandika jambo hilo ndani ya msimbo na kuliondoa kabisa mbele ya wakala. Kila nafasi ya kujaza isiyo ya lazima ni mlango wa kukosea. Kumwuliza wakala swali ambalo jibu lake halibadiliki ni kumpa fursa ya kulibadilisha.

Majina nayo yana kazi. Dawa ya AL (artemether-lumefantrine), ambayo Kenya iliichagua mwaka 2004 kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali, hutolewa kwa uzito wa mgonjwa: kidonge kimoja kwa kilo 5 hadi 14, viwili kwa kilo 15 hadi 24, vitatu kwa kilo 25 hadi 34, vinne kuanzia kilo 35, mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Fikiria zana inayomsaidia mhudumu kukumbuka jedwali hilo. Nafasi ikiitwa "mtoto", wakala anaweza kujaza jina, umri au uzito. Ikiitwa "uzito", bado hajui kama ni kilo au gramu. Ikiitwa "uzito_kwa_kilo", nusu ya makosa imezuiwa kabla ya maelezo kusomwa. Na maelezo yakiongeza kwamba uzito haukisiwi kutokana na umri, na kwamba mtoto wa chini ya kilo 5 apelekwe kituo cha afya badala ya kupigiwa hesabu, zana imebeba busara ya muuguzi mzoefu.

Saa ni mtihani wa peke yake kwetu. Mama akimwandikia msaidizi wa kliniki kwamba atakuja kesho saa tatu asubuhi, kila mtu wa Ikolomani anajua anamaanisha saa ambayo kompyuta huiandika 09:00. Modeli iliyosoma zaidi maandishi ya nchi nyingine inaweza kumwekea miadi ya usiku wa manane. Mstari mmoja unatosha: muda uandikwe kwa mfumo wa saa 24, na mtu akitaja saa kwa Kiswahili, saa moja asubuhi ni 07:00 na saa moja jioni ni 19:00. Mtu akitaja saa bila kusema asubuhi au jioni, muulize. Maelezo ya zana yaliyotungwa mbali hayawezi kuwa na mstari huo, kwa sababu aliyeyatunga hajawahi kuuhitaji. Huwekwa na mtu anayejua watu watakaoitumia huzungumza vipi, wakichanganya Kiswahili, Lwidakho na Kiingereza katika ujumbe mmoja.

Ujumbe wa kosa pia ni sehemu ya maelezo, ingawa huandikwa kana kwamba ni adhabu. Zana inayorudisha "Hitilafu 400" imemfungia wakala mlango usoni. Inayorudisha "Nambari ina tarakimu 10, zinatakiwa 12 zinazoanza na 254" imemfundisha, na mara nyingi jaribio linalofuata litafaulu bila mtu kuingilia kati.

Hata wanaotengeneza modeli zenyewe wamejifunza kuiheshimu kazi hii. Nyaraka za Anthropic kwa wasanidi hushauri angalau sentensi tatu au nne kwa kila zana. Desemba 2024 wahandisi wa kampuni hiyo waliandika kwamba, walipokuwa wakijenga wakala wa kurekebisha programu, walitumia muda mwingi zaidi kuboresha zana kuliko kuboresha maagizo ya jumla. Wakala wao alikuwa akikosea njia za mafaili kila alipohama folda aliyoanzia, kwa sababu zana ilikubali njia zilizofupishwa. Wakaibadilisha idai njia kamili kila mara, na kosa likakoma. Septemba 2025 walisimulia jambo jingine: modeli yao, ilipopewa zana ya kutafuta mtandaoni, iliongeza "2025" kwenye maneno ya utafutaji bila sababu na kuharibu matokeo. Hawakuifundisha modeli upya, waliandika maelezo ya zana upya.

Somo la visa hivyo ni kwamba maelezo mazuri hayatungwi kwa mkao mmoja. Ule mwongozo wa Zambia ulijaribiwa kwa watu halisi kabla ya kusifiwa, na maelezo ya zana yanahitaji jaribio la aina hiyo. Andika, mpe wakala maswali ishirini ya kweli, soma alichofanya hatua kwa hatua, tafuta alipopotea, rekebisha sentensi iliyompoteza, rudia. Daraja lina mazingira ya majaribio, na hapo ndipo pa kukosea. Jaribio huonyesha pia kinachozidi. Maelezo marefu mno hula nafasi ya modeli na kuzamisha onyo muhimu katikati ya porojo. Zana mbili zenye maelezo yanayofanana humfanya wakala abahatishe, na dawa yake mara nyingi ni kuziunganisha zikawa moja.

Kwa kuwa wakala huyaamini maelezo, maelezo yanaweza pia kuwa silaha. Aprili 2025 kampuni ya usalama ya Invariant Labs ilionyesha jinsi mtu mbaya anavyoweza kuficha maagizo ndani ya maelezo ya zana inayoonekana kuwa ya kawaida, na wakala akayatii bila mwenye kompyuta kuyaona. Anayechukua zana ya mtu mwingine asome maelezo yake neno kwa neno kabla ya kumkabidhi wakala wake.

Kazi hii basi ni ya nani? Ofisi nyingi humwachia msanidi, tena dakika za mwisho, baada ya msimbo kukamilika. Lakini sifa zinazotakiwa ni kutabiri mahali msomaji atakapojikwaa, kuchagua neno lisilo na maana mbili, kuthubutu kutaja mipaka, na kujua watu husemaje wanapokuwa nyumbani kwao. Sifa hizo tayari wanazo wauguzi wanaofundisha wahudumu wa jamii, walimu wa shule za msingi, wahariri wa Kiswahili na waandishi wa miongozo ya afya. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilianza kuwagawia wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba ya vifaa pamoja na simu. Programu zilizo ndani ya simu hizo zitazidi kuongezewa akili unde. Itakuwa hasara kama maneno yatakayoziongoza yataandikwa na watu wasiowahi kukaa na mhudumu hata mmoja akifanya kazi.

Kwa hiyo wewe unayejenga zana, kabla ya kumpa wakala, mpe maelezo yake mtu ambaye hajawahi kuiona. Mwombe akueleze zana inafanya nini, ataitumia lini, hataitumia lini, na atajuaje kwamba imeshindwa. Akikwama kwenye swali lolote kati ya hayo manne, msimbo wako unaweza kuwa mzuri kabisa, lakini zana yako bado haijakamilika. Kaa chini uandike tena.